Chai Huuzwa Mnadani, Ndege za Vita Hununuliwa Gizani

Hakuna mkulima wa chai kutoka Litein hadi Mogogosiek, wala kutoka Kapkoros hadi Momul, asiyejua thamani ya kusimama mbele ya mizani. Majani hayatupwi ovyo ndani ya lori. Mkulima huyafikisha kituoni, karani huyapima mwenyewe akitazama, na uzito huandikwa papo hapo. Yakisha kusagwa na kukaushwa kiwandani, chai hupelekwa Mombasa, na huko huingia mnadani. Madalali hutangaza orodha ya shehena, sampuli hufikishwa kwa wanunuzi, waonjaji huonja na kutema, kisha bei hushindaniwa mbele ya wote. Mnada huo ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu 1992 umekuwa ukiuza kwa dola ya Marekani. Hupitisha chai ya Kenya, na ya Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine jirani.

Tuna malalamiko mengi juu ya mnada huo, na hatuna haya kuyasema. Bei hushuka bila mkulima kuelezwa sababu, wanunuzi wakubwa hushukiwa kwamba huelewana kabla ya kengele kulia, na bonasi ikitangazwa nyumba nyingi hulala kimya. Lakini hatujapata kumsikia mkulima akisema kwamba dawa ya maovu hayo ni kuzima taa za mnada. Kila anayelalamika hutaka mwanga uongezwe.

Basi tuulize. Ikiwa kilo ya chai, kitu kinachokwisha kwa vikombe mia chache, haiuzwi bila wanunuzi kushindana, kwa nini ndege ya kivita, ambayo gharama yake hulipwa na kizazi kizima, inunuliwe mahali ambapo mwenye fedha haruhusiwi hata kuchungulia? Sisi tunaotetea mageuzi katika nchi hii ya chai tunasema kwamba ununuzi wa ndege za vita hauna budi kupitia ushindani wa wazi, na kwamba siri inayosemwa kuwa ni ya kuwazuia maadui, kwa kawaida haimzuii mtu yeyote isipokuwa Mkenya.

Jambo hili si geni kwetu wala si la kubuni. Mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilikubaliana na Yordani kununua ndege 15 za aina ya F-5 zilizokwisha kutumiwa na jeshi la nchi hiyo, kwa takriban shilingi bilioni 1.5. Hapakuwa na zabuni ya wazi. Yalikuwa mapatano baina ya serikali mbili, na mwananchi aliyapata kwa vipande vipande magazetini. F-5E iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1972, na kampuni ya Northrop ilikwisha kuacha kuunda ndege za jamii hiyo mwaka 1987. Kwa hiyo hata iliyokuwa changa kuliko zote katika kundi hilo ilikuwa imepita umri wa miaka ishirini.

Tuwe wa haki. Ununuzi ule ulikuwa na hoja ya kuutetea, tena hoja nzito. Jeshi letu la Wanahewa limerusha F-5 tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Marubani wa Nanyuki waliijua, mafundi waliijua, karakana ilikuwapo, na vipuri vya ndege moja viliweza kuisaidia nyingine. Mtu mwenye trekta kuukuu ambalo fundi wake analifahamu vema hana wazimu akinunua la pili la aina hiyo hiyo. Na Oktoba 2011 Kenya ilipoingia Somalia, F-5 ndizo zilizotumwa. Hatusemi kwamba zilikuwa chuma chakavu. Lililotusumbua ni kwamba hata hoja hiyo nzuri haikuwekwa mezani ikapimwa. Yordani haikuwa nchi peke yake duniani yenye F-5. Kwa miaka mingi nchi nyingi zimekuwa na ndege hizo, na baadhi zimeziuza zilipopata mpya. Je, nani mwingine aliulizwa bei? Saa ngapi za kuruka zilikuwa zimebaki katika kila kiunzi kabla ya kuhitaji matengenezo makubwa? Mafundi wetu walizikagua wakiwa huru kusema hapana? Mkulima wa Konoin anayekwenda kununua ng'ombe wa maziwa humzunguka, humfungua kinywa, humshika kiwele, kisha hupita katika maboma mengine mawili kabla ya kutoa fedha. Hanunui mbuzi ndani ya gunia, seuze ng'ombe.

Tena itazameni nyakati. Mwaka 2008 ndio mwaka ambao, baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vyama vikuu viliingia pamoja katika Serikali ya Muungano. Amani ile tuliihitaji, hasa sisi ambao vijiji vyetu vya mpakani viliwaka moto. Lakini ilikuja na bei ambayo wachache waliitaja: upande wa upinzani Bungeni ukabaki karibu mtupu. Waliokuwa na kazi ya kuuliza walikuwa wamekaa meza moja na waliopaswa kujibu. Tulipigania vyama vingi ili pawe na wa kusema "ngoja kwanza", na siku ndege zilipoagizwa, karibu wote walikuwa serikalini.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepata somo jingine, nalo linatuuma zaidi kwa kuwa lilitoka kwa waliojiita wenzetu. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Tulingoja miaka kumi na moja, kupitia chaguzi mbili na mapigano ya kikabila ambayo nyanda hizi haziyasahau, mpaka Desemba 2002 KANU ikaondoka. Mwaka uliofuata tu, serikali mpya iliyoapa kufuta ufisadi ilitia sahihi mkataba wa meli ya Jeshi la Wanamaji, wa shilingi bilioni 4.1. Meli iliundwa Hispania, ikakwama huko kwa miaka kwa sababu ya mvutano juu ya mkataba na malipo, na ikafika Mombasa mwaka 2012 ikiitwa Jasiri. Miaka tisa! Mkataba huo ulikuwa mmoja katika ile mikataba 18 ya usalama ambayo Wakenya huikumbuka kwa jina la Anglo Leasing. Mingine ilianzia utawala uliotangulia, mingine ikazaliwa chini ya utawala wa mageuzi. Mwaka 2014, zaidi ya muongo mmoja baadaye, hazina yetu ilitoa takriban shilingi bilioni 1.4 kuwalipa waliokuwa na hati za madeni hayo, kwa kuwa walikuwa wameshinda kesi ughaibuni.

Kumbe funguo za Ikulu zilibadilisha mikono, lakini kabati la mikataba ya siri lilibaki pale pale, na kila aliyeingia alilikuta limefunguliwa tayari. Ndiyo sababu hatukubaliani na wale wanaosema kwamba suala la ndege na meli za vita ni la wataalamu wa Nairobi, na kwamba jarida la watu wa mashambani lishughulike na mbolea na barabara za kufikia viwanda. Mbolea na barabara hutoka katika mfuko huo huo.

Chanzo cha giza hili ni cha zamani. Agosti 1, 1982, sehemu ya Jeshi la Wanahewa ilijaribu kuipindua serikali. Marubani walishurutishwa kurusha ndege kutoka Nanyuki kwenda kulipua Nairobi, nao wakatupa mabomu katika msitu wa Mlima Kenya wakarejea. Jeshi hilo likavunjwa, likaundwa upya, na mpaka 1994 likawa linaitwa Jeshi la Wanahewa la 82, kana kwamba limebandikwa chapa ya kosa lake. Baada ya hapo, katika utawala wa chama kimoja, kuuliza habari za ndege kulikuwa karibu sawa na kuuliza habari za mapinduzi. Mbunge aliyethubutu kutaka maelezo ya kura ya ulinzi katika bajeti alijiweka katika hatari ya kuitwa haini. Hofu ile ya watawala ilikuwa na asili yake, lakini ilirithiwa hata na wasiokuwa na sababu ya kuogopa, na madalali wakaona jinsi inavyowafaa.

Sheria zetu zimejaribu kupunguza giza hilo. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2005 iliruhusu vyombo vya ulinzi kuwa na orodha mbili, moja ya vitu vya kununuliwa waziwazi na nyingine ya vitu vya siri, na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2015 ikaendeleza mpango huo. Wazo lenyewe si baya. Viatu, unga, mablanketi na magari ya kawaida viende kwenye zabuni. Mitambo ya mawasiliano ya siri ibaki upande wa pili. Taabu ni kwamba anayeamua kitu kiende orodha gani ndiye huyo huyo anayenunua. Isitoshe, sheria ya 2015 iliacha mlango wa uani: ununuzi unaofanywa chini ya makubaliano baina ya Serikali ya Kenya na serikali ya kigeni hauko chini ya masharti yake. Dalali mwerevu anahitaji tu kumpata afisa wa serikali ya kigeni wa kutia sahihi kando yake. Na haya yote yakifanyika, Katiba ya 2010 ipo ikisema katika kifungu cha 227 kwamba taasisi ya umma ikinunua bidhaa au huduma, utaratibu wake uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Kifungu hicho hakikuandika "isipokuwa zile zenye mabawa".

Sasa twende kwenye hoja kuu ya wapinzani wetu, maana hatutaki ionekane kwamba tunaikwepa. Wanasema kwamba zabuni ya wazi humwonyesha adui nguvu na udhaifu wetu.

Adui yupi, na anaonyeshwa nini? Ndege ya kivita si bunduki ya kufichwa darini. Ikifika, huruka mchana juu ya vichwa vya watu, huonyeshwa katika gwaride, na aina na idadi yake huingia katika vitabu vya mwaka vya wachunguzi wa majeshi huko Ulaya. Kinachofaa kufichwa ni namna itakavyotumika: misimbo ya redio, mitambo ya kuiepusha na makombora, akiba ya silaha, mpango wa vita. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kuandikwa katika tangazo la zabuni. Bei haimo katika orodha hiyo. Jina la wakala na kamisheni yake hayamo. Atakayetudhuru hapati nguvu yoyote kwa kujua kwamba tulilipa dola milioni kadhaa badala ya kadhaa. Lakini mlipa kodi akijua, anapata nguvu ya kuuliza.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitujia Januari 2017. Wakati huo ilitangazwa kwamba Marekani imekubali kuiuzia Kenya ndege 12 za AT-802L na mbili za mafunzo, pamoja na silaha na huduma, kwa makisio ya dola milioni 418, yaani zaidi ya shilingi bilioni 40. Msomaji asishangae akiambiwa kwamba AT-802 asili yake ni ndege ya kunyunyizia dawa mashambani na kuzimia moto. Hufungwa mabomu na vyombo vya kuonea, ikawa ya vita. Kampuni iliyotajwa kuwa mwuzaji mkuu ilikuwa L3. Kampuni nyingine ya huko huko Marekani, IOMAX ya jimbo la North Carolina, ikalalamika kwamba yenyewe ndiyo yenye uzoefu wa kuunda ndege za namna hiyo na kwamba ingeziuza kwa bei ya chini sana kuliko hiyo. Mbunge wa jimbo hilo, Ted Budd, akataka uchunguzi ufanywe. Ubalozi wa Marekani ukatoa maelezo Nairobi. Mwishowe ndege hizo hazikuja.

Fikirini, wananchi. Fedha ni zetu, jeshi ni letu, watakaoendesha ni vijana wetu, na habari tuliipata kwa sababu sheria ya Marekani hulazimisha mauzo makubwa ya silaha yatangazwe kwa bunge la Marekani. Aliyesimama kuuliza kama Kenya inapunjwa alikuwa mbunge wa North Carolina, na hatumlaumu kwamba alikuwa akitetea kampuni ya wapiga kura wake. Ndiyo kazi aliyochaguliwa. Wetu walizinduka baada yake. Ikiwa makaratasi ya ununuzi yanaweza kusomwa na yeyote kule Washington, ni siri gani inayobaki kulindwa Nairobi?

Hali ni hiyo hiyo kwa majirani. Aprili 2010 gazeti la Urusi liliandika kwamba Uganda inanunua ndege sita za Su-30; wakubwa wa Kampala wakakana. Mwaka uliofuata ndege zikaanza kufika, na ikajulikana kwamba kiasi cha dola milioni 740 kwa ndege hizo na silaha zake kilikuwa kimechotwa kutoka akiba ya Benki Kuu kabla Bunge halijaidhinisha. Tena Uganda walikuwa na kovu bichi. Miaka ya 1997 na 1998 walinunua helikopta nne za Mi-24 kupitia wakala. Mbili za kwanza zilipofika zilionekana hazifai kurushwa, na ikabidi iundwe tume ya Jaji Julia Sebutinde kuchimbua nani alikula nini.

Tanzania nako ilikuwa rada. Mwaka 2001 BAE ya Uingereza iliiuzia nchi hiyo mtambo wa kuongozea ndege kwa pauni milioni 28, ingawa waliosema kwamba ulikuwa ghali na wa kupita mahitaji walikuwapo, akiwemo waziri wa Uingereza mwenyewe, Clare Short. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani London kwamba haikutunza hesabu zake ipasavyo kuhusu malipo iliyompa mshauri wake wa biashara Tanzania. Ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya wananchi wa Tanzania. Fedha hizo zikaenda kununua vitabu na madawati. Watoto wa Tanzania walipata vitabu kwa sababu wapelelezi wa Uingereza walifungua faili. Dar es Salaam ilikuwa imelifunga.

Tusije tukadhaniwa kuwa tunaamini zabuni ni dawa ya kila ugonjwa. Afrika Kusini walishindanisha makampuni kabla ya kutia sahihi mikataba yao ya silaha mwaka 1999. Lakini ilipofika zamu ya ndege za mafunzo, iliamuliwa kwamba bei isihesabiwe katika kupima washindani. Ndege ya Italia iliyokuwa ikiongoza bei ilipohesabiwa ikaachwa, na Hawk ya Uingereza, iliyokuwa ghali zaidi, ikachukuliwa. Huo ni mnada ambao dalali anawaambia wanunuzi waonje chai lakini wasitaje shilingi. Nao Wahindi walianza mwaka 2007 kushindanisha makampuni kwa ajili ya ndege 126, wakamchagua Mfaransa mwaka 2012, wakavunja mpango wote mwaka 2015, na mwaka 2016 wakanunua 36 tu, kwa mapatano ya serikali kwa serikali. Ushindani usio na mwisho nao huliacha jeshi bila ndege. Anayetupinga kwa mifano hii ana haki ya kusikilizwa.

Lakini tazama wanaofanya vizuri. Ufini hupakana na Urusi kwa zaidi ya kilomita 1,300. Kama kuna nchi yenye sababu ya kuficha mambo yake ya anga, ni hiyo. Hata hivyo ilitangaza hadharani kwamba inataka ndege za kivita, ikataja kikomo cha euro bilioni 10 kilichoidhinishwa na bunge, ikaruhusu makampuni matano yashindane, ikaziita ndege zao zije zijaribiwe katika baridi yake, na Desemba 2021 ikatangaza aliyeshinda. Uswisi ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 wananchi wake walipiga kura wakakataa kununua Gripen. Mwaka 2020 wakaulizwa tena kama serikali itumie mpaka faranga bilioni 6 kwa ndege mpya, wakakubali kwa asilimia 50.1. Mwaka 2025 Marekani ikawaambia kwamba bei waliyodhani ni ya mwisho si ya mwisho. Waswisi wakakasirika, na walikuwa na cha kushika mkononi: tarakimu iliyochapishwa. Sisi tukiongezewa bei tutajuaje, na ya kwanza hatukuambiwa?

Kuna jambo jingine linalotufanya tusinyamaze, nalo ni la damu kuliko fedha. Vijana wa nyanda hizi ni wengi jeshini. Hujipanga foleni siku za usajili katika viwanja vyetu, wakakimbia, wakapimwa meno, na wazazi husherehekea mmoja wao akichukuliwa. Aprili 2006 ndege ya jeshi aina ya Y-12 ilianguka Marsabit ikaua watu 14, wakiwamo wabunge waliokuwa safarini kutafuta amani. Aprili 2024 helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet ikamwua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake tisa. Hatudai kwamba ajali hizo zilitokana na namna vyombo vilivyopatikana; hali ya hewa, milima na bahati mbaya vina sehemu yao. Tunalosema ni kwamba anayepanda chombo cha jeshi hana nafasi ya kukikataa. Mnunuzi ndiye anayemchagulia. Mama aliyemlea rubani au fundi wa ndege anastahili kujua kwamba chombo hicho kilichaguliwa kwa kuwashinda wenzake kwa ubora, na kwamba hakikuletwa na mtu aliyekula asilimia kumi.

Na hapa tuwaambie ukweli watu wa kwetu. Kericho na Bomet zimekaa pande zote za meza. Mwaka 1992 tulikuwa ndani ya KANU, mwaka 2007 tulipiga kura ya upinzani kupitia ODM, na tangu uchaguzi wa 2022 tunahesabiwa tena kuwa watu wa serikali. Tukiwa nje, sauti zetu husikika mpaka Nairobi zikidai hesabu. Tukiingia ndani, tunaambiana kwamba si vizuri kumwaibisha mtu wetu. Tabia hiyo ndiyo inayowalisha madalali. Wao hawana kabila wala chama, na huhama nasi kutoka serikali moja hadi nyingine bila kupoteza hata mzigo mmoja. Mwaka 2024 wanachama wa ODM waliingia katika baraza la mawaziri, na kwa mara nyingine mstari kati ya anayeuliza na anayejibu umefifia kama ulivyofifia mwaka 2008. Wakati kama huo ndio ambao kabati hupenda kufunguliwa.

F-5 haziwezi kuruka milele. Siku ya kuzibadilisha itakuja, na ikija tutatajiwa mabilioni ambayo yataifanya ile bilioni moja na nusu ionekane nauli ya matatu. Kwa hiyo tunataka utaratibu uwekwe sasa, kabla mwuzaji hajapiga hodi. Serikali ieleze kwanza kazi inayotaka ndege ifanye, kama ni kulinda mpaka wa Somalia au kulinda anga ya nchi nzima, maana kazi hizo mbili hazitaki ndege ya namna moja. Bunge liweke kikomo cha fedha, nacho kitangazwe. Wauzaji waalikwe wasiopungua watatu, wa mpya na wa zilizotumika, serikali za kigeni na makampuni, na mapatano ya serikali kwa serikali yawe njia ya kulipia tu, yasiwe njia ya kukwepa ushindani. Ndege zirushwe na marubani wetu na kufunguliwa na mafundi wetu, na maoni yao yaandikwe na kuhifadhiwa, hata kama waziri hayapendi. Hesabu iwe ya miaka thelathini, ikiwa na mafuta, vipuri, mafunzo na injini za akiba, kwa kuwa ndege ya bei rahisi yenye vipuri vya bei ya dhahabu ni mtego ambao mwenye gari kuukuu yeyote wa Sotik anaweza kuueleza. Mawakala, wakiwapo, watajwe kwa majina na malipo yao. Yale machache ya siri ya kweli yasomwe na wabunge wa kamati ya ulinzi walioapishwa, wa pande zote, pamoja na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Na mkataba ukisha kutiwa sahihi, bei ichapishwe katika gazeti rasmi la serikali.

Makadirio ya matumizi ya serikali hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kura ya ulinzi hupitishwa mara nyingi bila mjadala wa maana. Kericho ina viti sita vya Bunge na Bomet vitano. Hao kumi na mmoja tunawaomba jambo moja ambalo haliwagharimu chochote isipokuwa ujasiri: makadirio yajayo yakisomwa, mmoja wao asimame aulize ni kiasi gani kimetengwa kwa ununuzi wa ndege, wauzaji wangapi wameulizwa bei, na nani anayelipwa kuwa katikati. Jibu litakaloingia katika kumbukumbu za Bunge, liwe la maneno au la kimya, tutalichapisha hapa pamoja na jina la aliyeuliza. Na ikiwa hatauliza hata mmoja, tutachapisha majina yote kumi na moja.